KUSOMA HATI KWENYE KIVINJARI: KUONA SI KUWA NAYO

Hotuba ya mwalimu wa shule ya sekondari mbele ya wakazi wa kambi na wafanyakazi wa mashirika, katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani, kambi ya Nyarugusu.

Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Jamii,
Waheshimiwa wawakilishi wa mashirika,
Wazee wetu, viongozi wa zoni na wa vijiji,
Akina mama na akina baba,
Walimu wenzangu, vijana na wanafunzi wapendwa,



Napenda kuchukua nafasi hii kuishukuru Kamati kwa kunikaribisha niseme nanyi siku ya leo. Walionitangulia wamezungumza juu ya amani, afya, maji na kuni. Mimi nimeombwa nizungumze juu ya elimu, na katika elimu nimechagua jambo moja ambalo limeingia katika maisha yetu bila kupiga hodi. Jambo hilo ni kusoma hati kwenye kioo cha simu au cha kompyuta, ndani ya ile programu tunayofungulia mtandao. Kwa Kiswahili programu hiyo huitwa kivinjari. Wengi wetu tunaijua kwa majina ya aina zake: Chrome, Firefox, Opera, Safari.

Mtu anaweza kuuliza: hilo nalo ni la kusemwa siku ya wakimbizi? Nami najibu: ndiyo, tena hasa siku hii. Mkimbizi ni mtu anayeishi kwa karatasi. Wazee waliovuka Ziwa Tanganyika mwaka 1996, mwaka ambao kambi hii ilifunguliwa, wanakumbuka vizuri. Mtu aliacha mbuzi, aliacha shamba la mihogo, aliacha nyumba ya bati, lakini diploma yake aliifunga kwenye mfuko wa nailoni akaifunga tumboni. Alijua kwamba mbuzi atanunuliwa mwingine, lakini cheti cha shule iliyochomwa moto hakinunuliwi. Wako watu hapa hapa waliopata kazi ya ualimu kambini kwa sababu ya ule mfuko wa nailoni, na wako wenye elimu ile ile waliobaki kubeba matofali kwa sababu karatasi zao zilizama.

Leo karatasi zetu nyingi haziji tena kwa mkono. Zinakuja kwa kiungo. Tangazo la ufadhili wa masomo, matokeo ya mitihani, fomu ya kujaza, kitabu cha fizikia, barua ya kuitwa kwenye usaili: unabonyeza, kioo kinafunguka, unasoma. Ni jambo jema. Lakini ule mfuko wa nailoni uko wapi? Ndiyo swali langu. Na jibu langu nalisema mapema ili hata mwenye haraka aondoke nalo: kuona hati si kuwa nayo, na kufunga dirisha si kuifuta.

HATI ILIVYOINGIA KWENYE KIOO

Niruhusuni nieleze kwa kifupi tulivyofika hapa, maana mtu akijua chombo kilivyoundwa hadanganyiki nacho kwa urahisi.

Mwaka 1989 Mwingereza mmoja, Tim Berners-Lee, alikuwa akifanya kazi CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kilichopo karibu na mji wa Geneva, Uswisi. Aliwapelekea wakubwa wake pendekezo la namna ya kuunganisha hati zilizotawanyika katika kompyuta mbalimbali. Ilipofika mwisho wa mwaka 1990 alikuwa amekwisha kuandika kivinjari cha kwanza. Kurasa za aina ile ni za maandishi yanayojipanga yenyewe kufuata upana wa kioo. Kioo kikiwa chembamba, mistari inakuwa mifupi. Kioo kikiwa kipana, mistari inarefuka. Ni kama maji yanavyofuata umbo la chombo.

Lakini ofisi na shule zilitaka kitu kingine. Zilitaka ukurasa ubaki kama ulivyo popote unapofunguliwa: nembo juu, jedwali la alama katikati, muhuri na sahihi chini. Mwaka 1991 John Warnock, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Adobe ya Marekani, alianzisha mradi alioupa jina la Camelot kwa ajili ya haja hiyo, na mwaka 1993 likatoka zao lake, yaani PDF. Kama ukurasa wa kawaida wa mtandao ni maji, basi PDF ni maji yaliyogandishwa. Halibadili umbo.

Kwa miaka mingi kivinjari chenyewe hakikuweza kufungua PDF. Ulilazimika kuweka programu nyingine pembeni, au kukitia kivinjari kiraka cha kukisaidia. Viraka vile vilikuwa vizito, tena vilikuwa matundu ambayo wezi wa mitandaoni walipenda kuingilia. Mwaka 2008 PDF likafanywa kiwango cha kimataifa cha ISO, namba 32000, kila mtengenezaji akawa na haki ya kulijengea. Mwaka 2010 Chrome ikaanza kufungua PDF bila msaada. Mwezi Februari 2013 Firefox ikafuata, kwa kutumia programu ya PDF.js ambayo mradi wa Mozilla uliianza mwaka 2011. Programu hiyo huchora PDF kwa zana zile zile ambazo kivinjari hutumia kuchora kurasa za kawaida.

Ndiyo maana leo kompyuta yenye kivinjari cha kisasa hufungua PDF bila kuongezewa kitu. Kwa simu inategemea: nyingine huonyesha hapo hapo, nyingine hushusha faili kwanza na kulifungua kwa programu nyingine. Mlango umekuwa mwepesi mno, hata hatuoni tena kwamba tumepita mlangoni. Na hapo ndipo tatizo letu linapoanza.

HATI IKO WAPI?

Unapobonyeza kiungo, kivinjari hutuma ombi kwa kompyuta ya mbali inayoitwa seva. Seva hurudisha hati vipande vipande, nacho kivinjari huvipokea na kuvichora kwenye kioo. Kwa hiyo wakati unasoma, nakala imekwisha kufika katika simu yako, na bando lako limekwisha kuliwa. Lakini nakala ile imewekwa katika hifadhi ya muda tu, ambayo kivinjari hujisafishia kinapotaka nafasi. Umelipa nauli ya mgeni, lakini hukumpa kitanda. Kesho ukimtaka tena, utalipa nauli upya, ikiwa bado yuko alikotoka.

Nasema ikiwa bado yuko, kwa sababu kurasa za mtandao huhama na hufutwa. Kijana anaonyeshwa orodha ya waliochaguliwa kwa masomo. Anatafuta jina lake, analiona, anapiga vigelegele, anafunga. Baada ya miezi mitatu ofisi nyingine inamwambia: leta ile orodha. Anabonyeza kiungo cha zamani, anaambiwa ukurasa haupo. Hana la kuonyesha ila furaha aliyokuwa nayo siku ile.

Dawa yake ni rahisi. Juu ya hati iliyofunguliwa, mara nyingi pana alama ya mshale unaoelekea chini. Huo ndio mshale wa kupakua, yaani kuishusha hati ikae kwako. Ukiisha kuubonyeza, fanya mtihani huu ambao nawapa hata wanafunzi wangu: funga kivinjari, zima data, kisha nenda kwenye folda ya vitu vilivyopakuliwa uifungue hati yako kutoka humo. Ikifunguka, unayo. Isipofunguka, ulikuwa unaiona tu.

Kisha ibadilishie jina. Mafaili mengi huja na majina ya ajabu, namba tupu au neno moja lililorudiwa mara saba. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Andika jina la mwenye hati, aina ya hati na mwaka. Weka nakala ya pili mahali pengine: kwenye flashi, au kwenye barua pepe yako mwenyewe. Simu ikiibiwa au ikianguka kwenye ndoo ya maji, nakala ya pili ndiyo ule mfuko wa nailoni.

Kuhusu fomu, mjihadhari zaidi. Fomu ya PDF inaweza kujazwa ndani ya kivinjari: unaandika jina, tarehe ya kuzaliwa, shule uliyosoma. Lakini uliyoyaandika yako kwenye kioo tu mpaka uhifadhi nakala iliyojazwa. Ukifunga kabla ya kuhifadhi, unaweza kupoteza kazi ya saa nzima. Na ukipakua ile ile tupu ukaituma bila kuikagua, ofisi itapokea fomu isiyo na jina. Kila mara fungua nakala uliyoihifadhi, uisome yote, ndipo uitume.

Na kuhusu sahihi: PDF linaweza kubeba sahihi ya kidijitali, ambayo kwa programu maalumu inaweza kukaguliwa kama ni ya kweli na kama hati haikuguswa baadaye. Vivinjari vingi huonyesha picha ya sahihi bila kuikagua. Kwa hiyo muhuri unaouona kwenye kioo si ushahidi kamili, na usishangae ofisi ikikudai karatasi ya asili. Ile ya asili usiitupe kwa sababu umeipiga picha.

KOMPYUTA YA WENGI

Sasa nageukia upande wa pili wa neno langu: kufunga dirisha si kuifuta.

Wengi wetu hatuna kompyuta. Tunatumia ya kituo, ya shule, au ya kijana mwenye duka la fotokopi. Mtu anafungua barua pepe yake, anafungua hati, anaichapa, anafunga dirisha, anaondoka. Anadhani ameondoka na vyake. Lakini hati aliyoipakua imebaki katika folda. Historia ya kurasa alizozitembelea imebaki. Na kama hakutoka kwenye akaunti yake, basi barua pepe yake yote imebaki wazi kwa atakayekaa kitini baada yake.

Katika kituo kimoja, ambacho sitakitaja, niliwahi kukaa kwenye kompyuta ya wote nikafungua folda ya vilivyopakuliwa. Nilikuta vyeti vya kuzaliwa vya watoto, barua za hospitali, na maelezo ya watu kuhusu sababu za kukimbia kwao. Wenyewe walikuwa wamekwenda zao. Sikuyasoma; nilimwita msimamizi, tukayafuta pamoja. Lakini kabla yangu walikaa wangapi?

Ndugu zangu, tufikirie jambo hili kwa uzito. Mama aliyesimulia mbele ya afisa mmoja, mlango ukiwa umefungwa, mambo ambayo hajamweleza hata dada yake, hakusimulia ili yasomwe na foleni. Wapo kati yetu watu ambao waliowatesa bado wana ndugu na marafiki karibu. Kwao karatasi ikionekana na jicho lisilostahili, hatari yake inaweza kuzidi ile ya karatasi iliyopotea.

Kwa hiyo kila anayetumia kompyuta ya wengi akumbuke mambo manne. Kwanza, atumie dirisha la faragha ambalo kila kivinjari kikubwa kinalo. Ukilifunga, halibakizi historia. Lakini faili ulilopakua linabaki hata ukitumia dirisha hilo, kwa hiyo jambo la pili: ufute faili lako katika folda, kisha ulifute na kwenye pipa la taka la kompyuta. Tatu, utoke kwenye akaunti yako, usifunge dirisha tu. Nne, kivinjari kikikuuliza kama kikutunzie neno la siri, kijibu hapana.

Na vijana mnaosaidia wazee kufungua hati zao, mjue kwamba mnafanya kazi ya karani na ya mtunza siri. Mzee akikupa simu yake umfungulie barua, ukimaliza umrudishie na maneno yake. Usijitumie nakala, wala usiipeleke kwenye kundi la WhatsApp hata kwa nia njema.

PICHA NA MAANDISHI

Hapa naomba kusema hasa na wageni wetu wa mashirika, maana ninyi ndio mnaoandika hati nyingi tunazozisoma.

PDF mbili zinaweza kufanana machoni na kutofautiana kabisa ndani. Moja ina maandishi ya kweli. Nyingine ni picha ya karatasi: mtu amechapa tangazo, akaligonga muhuri, akaliskani, akalituma. Namna ya kuzitofautisha ni hii: jaribu kuchagua neno moja kwa kidole, au kwenye kompyuta bonyeza Ctrl na F utafute neno unaloliona wazi kwenye ukurasa. Kivinjari kikikuambia neno hilo halipo, ujue unatazama picha.

Tofauti hiyo tunailipia sisi. Ukurasa wa maneno 400 ya Kiswahili una herufi kama 3,000, na herufi hizo ni kama kilobaiti 3. Ukurasa huo huo wa A4 ukiskaniwa kwa nukta 300 kwa inchi, unakuwa picha ya nukta 2,480 kwa 3,508, yaani karibu milioni 8.7. Hata picha hiyo ikibanwa, mara nyingi hubaki na ukubwa wa mamia ya kilobaiti au megabaiti nzima. Kwa bando la kufungua ukurasa mmoja wa picha wa megabaiti moja, mtu angeweza kusoma kurasa zaidi ya 300 za maandishi. Tangazo la kurasa kumi za picha linaweza kumaliza bando la mwanafunzi kabla hajaifikia tarehe ya mwisho ya kuomba, ambayo aghalabu imeandikwa ukurasa wa kumi.

Tena picha mara nyingi haisomeki vizuri na programu zinazowasomea vipofu kwa sauti. Picha mara nyingi haitafutiki jina. Picha haitafsiriki kwa wepesi kwa ndugu asiyejua lugha ya tangazo. Na hata PDF la maandishi, kwa kuwa ni ukurasa wa A4 uliogandishwa, kwenye kioo cha simu ndogo hutulazimu kuvuta kushoto na kulia kila mstari kama mtu anayefuma mkeka. Ukurasa wa kawaida wa mtandao, ule wa maji, ungejipanga wenyewe.

Hatusemi PDF liachwe. Fomu, cheti na barua yenye muhuri vina haki ya kuwa PDF. Lakini tangazo la siku ya kugawa chakula halihitaji muhuri kwenye kioo. Linahitaji maneno machache, ya Kiswahili na ya Kifaransa, yanayofunguka kwenye simu yoyote.

Kwa wakazi wenzangu, nanyi mnapotuma vyeti vyenu kwa WhatsApp, jueni kwamba picha ikitumwa kama picha ya kawaida hupunguzwa ubora. Itumeni kama hati, ndipo namba ndogo zitasomeka.

IMETOKA KWA NANI?

Jambo jingine ni la wadanganyifu. Mtu anatumiwa kiungo: fomu mpya ya kwenda Marekani au Kanada, jaza leo, mwisho ni kesho. Anabonyeza, kinafunguka kitu chenye nembo anayoijua. Chini yake anaombwa neno la siri la barua pepe, au ada ya kushughulikia faili.

Nembo hunakiliwa na mtu yeyote. Msiangalie nembo, angalieni anwani iliyo juu ya kivinjari. Anwani husomwa kutoka mwisho wa jina, kabla ya mkwaju wa kwanza unaofuata jina hilo. Kurasa za msaada za UNHCR, kwa mfano, ziko help.unhcr.org: mwisho wa jina ni unhcr.org. Mdanganyifu anaweza kuliweka neno UNHCR mwanzoni au katikati ya anwani yake, lakini mwisho wake utakuwa mwingine. Na ile alama ya kufuli haisemi kwamba mwenye ukurasa ni mwaminifu. Inasema tu kwamba njia kati yako na yeye imefungwa, wengine wasisikilize. Hata mwizi anaweza kuweka kufuli mlangoni kwake.

Shikeni sheria mbili. Huduma za UNHCR na za mashirika yanayofanya kazi nayo ni bure, pamoja na makazi katika nchi ya tatu. Anayedai pesa ni mwizi. Na hakuna hati ya kweli inayohitaji neno la siri la barua pepe yako ili isomeke. Ukiona hivyo, funga, kisha uende ukaulize kwenye dawati la ulinzi.

KIVINJARI SI MTANDAO

Nimewatia hofu kidogo; sasa niseme la kutia moyo. Wengi wanadhani bila bando kivinjari ni kitu kilichokufa. Sivyo. Kivinjari ni jicho. Hati inaweza kuwa mbali au karibu. PDF lililopakuliwa hufunguka ndani ya kivinjari cha kompyuta bila mtandao wowote. Na seva si lazima iwe ng'ambo. Kompyuta moja ndogo iliyowekwa ndani ya darasa inaweza kuwa seva ya darasa zima, na wanafunzi wakafungua vitabu vyake kwa vivinjari vyao bila kulipa hata senti ya bando.

Programu za kazi hiyo zipo, tena ni za bure. Kiwix, iliyoanza mwaka 2007, inabeba Wikipedia nzima isiyohitaji mtandao, pamoja na ile ya Kiswahili ambayo yenyewe ilianza mwaka 2003. Kolibri, iliyotolewa mwaka 2017 na shirika la Learning Equality, hubeba masomo, vitabu na mazoezi kwa ajili ya shule zisizo na mtandao. Na mpango wa Instant Network Schools, ulioanzishwa mwaka 2013 na Wakfu wa Vodafone pamoja na UNHCR, umepeleka kompyuta kibao, umeme wa jua na masomo yaliyohifadhiwa hapo hapo katika kambi za nchi kadhaa za Afrika, Tanzania ikiwa mojawapo.

Chuoni tulifundishwa kwamba zana bora ya kufundishia ni ile mwalimu anayoweza kuirudia kesho. Kitabu kilichofunguka Jumatatu na kukataa Jumanne kinamvunja moyo mwanafunzi kuliko kukosa kitabu tangu mwanzo. Kwa hiyo, walimu wenzangu, tukipata mtandao siku moja, tusiutumie kuonyesha; tuutumie kukusanya. Tupakue, tupange kwa somo na kwa darasa, tuweke kwenye kompyuta ya shule. Siku mtandao unapokatika, darasa liendelee.

MAOMBI YETU

Ndugu Mwenyekiti, naomba kumalizia kwa maombi matatu, niliyoyajadili na walimu wenzangu.

Kwa mashirika: matangazo yote ya jumla yatolewe kama maandishi mepesi kwanza, na PDF lije nyuma kwa anayelihitaji. Yabandikwe na kwenye mbao za matangazo za vijiji, kwa sababu mama asiye na simu naye ni mkazi wa kambi hii.

Kwa wanaosimamia kompyuta za wote: zipangwe zijifute zenyewe kila mtumiaji anapoondoka, na mahali pasipo na uwezo huo, msimamizi azisafishe kila jioni kama tunavyofagia darasa. Na karibu na kila kompyuta libandikwe tangazo la Kiswahili lenye yale mambo manne niliyoyataja.

Kwa Kamati yetu: tutenge siku moja kila mwezi, shuleni, ambapo wanafunzi wa madarasa ya juu chini ya mwalimu watawasaidia wazee kupiga picha vyeti vyao vizuri, kuvifanya PDF, kuvipa majina, na kuviweka kwenye flashi ya mwenyewe. Si kwenye kompyuta ya shule wala kwenye simu ya mwanafunzi, bali kwenye flashi ambayo mzee ataondoka nayo mkononi. Mwenye cheti kilicholiwa na mchwa nusu, aje na nusu iliyobaki. Nusu ni bora kuliko hadithi.

Hatujui kila mmoja wetu atakwenda wapi. Wako watakaorudi nyumbani, wako watakaopelekwa nchi za mbali, wako watakaobaki. Lakini popote tutakapofika, kutakuwa na meza, na nyuma ya meza kutakuwa na mtu atakayesema: onyesha. Hapo maneno ya kwamba niliiona kwenye simu hayatatusaidia. Kila mtu na ajiandae leo, wakati hati bado inafunguka.